Gunia la Mwisho kutoka Brazili

Juzi, kwenye duka la kahawa la Azaiba, mtaa wa Maskati, mama mmoja wa Kizanzibari aliomba buni ya Brazili, ile ile anayonunua siku zote. Muuzaji, bwana wa Tanga, akamwambia hili ndilo gunia la mwisho.

"Wilaya inakolimwa yenyewe ndogo, mama. Vilima, barabara moja, na kahawa basi. Mvua zimekataa miaka mfululizo, watu wameng'oa mibuni."

Akamwonyesha picha ya huko aliyotumiwa kwenye simu. Mama akaikuza kwa vidole viwili.

"Hii sakafu ya kuanikia," alisema. "Sisi Pemba tukianika karafuu juu ya majamvi. Mbona tupu? Wenyewe wako wapi?"

"Wamehamia mjini, kwenye viwanda vya kuku."

Mimi, niliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, nikautazama mfuko wangu. Ndani mlikuwa na kuku wa barafu wa Brazili, niliyemchagua kwa kuwa ni rahisi. Usinicheke, msomaji, na wewe unaye kwenye friza.

Muuzaji akammiminia mama kikombe cha kuonja. Hapa Maskati, asiyetikisa kikombe huongezwa tu. Mama akanywa, akakinyoosha tena bila kukitikisa, na tena, mpaka dele la kahawa likaisha.

"Nna nyumba Pemba," alisema, kikombe bado mkononi. "Ufunguo nilimwachia jirani, na jirani naye kahama."

Muuzaji akaliinamisha dele juu ya kikombe chake, lisitoke hata tone.