Maji ya kijani kwenye tangi la samaki la baba, Lushoto enzi za Mwingereza

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni mtu mzima, wengi wenu ni wajukuu zangu, kwa hiyo shikamoo zenu nimeshazipokea. Marahaba. Ninayoandika hapa niliyaona kwa macho yangu, na chumvi sijaongeza.

Nimekuwa nikisoma nyuzi zenu za akwarium. Huyu analia algae, ule utando wa kijani, imejaa kwenye kioo, yule anamwambia anunue dawa, mwingine filta mpya, mwingine anabishana kuhusu taa. Nacheka, halafu namkumbuka baba.

Baba alikuwa mwalimu, mtu wa Tanga mjini, akahamishiwa Lushoto wakati wa Mwingereza. Akaoa huko huko. Mama yangu ni Mshambaa wa Mlalo. Baridi ya milimani baba hakuizoea mpaka mwisho.

Mzungu mmoja mwenye shamba upande wa Irente alipofunga mizigo kurudi kwao, alimwachia baba tangi la kioo lenye fremu ya chuma. Baba akatia mchanga, akapanda majani ya maji aliyong'oa mtoni, akateremka Mombo kutafuta samaki wadogo.

Majirani walituona vichaa. Samaki gani asiyeingia chunguni?

Kwa kuwa samaki walitoka kwenye joto la Mombo, baba aliwaonea huruma, akaliweka tangi dirishani wapigwe na jua kutwa. Aliwapima kwa baridi yake mwenyewe, maskini.

Kisha akaugua kifua. Daktari akamwamuru alale na asiongee. Mwalimu asiongee, hebu fikirieni. Kitanda kikahamishiwa sebuleni, kazi yake ikawa kutazama samaki. Mmoja mwenye mkia uliochanika alishampa jina la Mkaguzi tangu akiwa mzima, kwa sababu alipita kila kona akichungulia kama wakaguzi wa shule.

Sasa njooni kwenye wageni.

Kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu. Watu walileta ndizi, maharage, maziwa. Lakini baba hali chakula, na haongei. Mgeni afanye nini? Anamega ugali, anawatupia samaki. Anayefuata naye vilevile. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Baba alishindwa kula, wakawalisha samaki wake.

Maji yakaanza kuwa ya kijani. Baadaye kioo kizima kikashika utando, maji yakawa kama mlenda. Mama akamwaga maji yote, akasugua kioo, akajaza upya. Kijani kikarudi kwa hasira zaidi.

Baba akageukia ukutani.

Hapo niliogopa kweli. Chakula alikuwa ameshakikataa, na sasa alikuwa anakataa hata kutazama.

Mimi, msichana wa shule mwenye maneno mengi, nikasema tubandike tangazo mlangoni: ni marufuku kulisha samaki. Mama aliniangalia mpaka nikainamisha kichwa.

"Ukimzuia mtu mkono leo, kesho huoni na mguu wake," akasema. "Halafu baba yako abaki na nani?"

Akaja jirani yetu, Mama Hoza, na kipande chake cha ugali kama kawaida. Mama akampokea vizuri, wakasalimiana kwa Kishambaa mpaka salamu zikaisha zote, ndipo akamkabidhi kibuyu.

"Mama Hoza, samaki wameshiba, sasa wanaomba maji. Nichotee kidogo pale chemchemi. Na haya ya kijani kamwagie kabichi zako."

Si mnajua wenyewe, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama Hoza alikwenda mbio, amefurahi kupata kazi.

Habari ikasambaa. Kila aliyekuja kumjulia hali baba alikuja na maji kidogo, akaondoka na ya kijani. Wengine wakaleta na majani ya mtoni, tukayapanda. Kabichi za Mama Hoza zilinenepa mpaka zikaleta maneno. Mama naye akatundika kaniki dirishani kupunguza jua. Baba, uso bado ukutani, akaashiria kwa mkono kwamba samaki watakufa baridi. Mama akamjibu mbona yeye baridi hiyo haijamuua.

Kijani kilipungua polepole. Asubuhi moja baba akageuka, akatazama kwa muda mrefu.

"Mkaguzi yupo," akasema. Akaomba uji.

Nililia palepale, siwafichi.

Wakuu, kifua hakikupona. Tulimpata baba tena kwa muda, akala, akatania, kisha akatutoka. Tuliporudi kutoka makaburini watu wakaanza kuingia, na hakuna aliyekuwa amewaambia kitu. Kila mmoja alikuja na maji. Tangi lilipojaa wakapanga vibuyu barazani. Mama alikuwa hajatoa chozi tangu asubuhi. Alipoviona vile vibuyu akakaa chini, akalia.

Kwa hiyo wewe mwenye algae, punguza jua, punguza chakula, ongeza mimea, badilisha maji kidogo kidogo. Usimwage yote kama mama alivyofanya mwanzo. Na ukiwa na mgonjwa ndani, usiwafukuze wanaokusumbua kwa mapenzi. Watafutie kibuyu.

Wa filta na dawa, uwanja ni wenu, bisheni. Ila nyie wa Lushoto nawauliza: huko kwenu watu bado humwendea mgonjwa na maji?