Usingizi Uliotoa Ushahidi Kliniki

Jumanne nilimpeleka mtoto kupimwa uzito kliniki hapa Tukuyu. Kwenye benchi, mchuma chai mwenye mimba kubwa alikuwa amelala ameketi, akikoroma mpaka wenzake wakaziba midomo kwa khanga. Mama mkwe wake, mama mfupi kutoka Masukulu, hakucheka.

Nesi alipoita jina la binti huyo mjamzito, mama yule alimwekea kiganja begani asiamke.

"Mwezi uliopita ulituambia wajawazito wote wanakoroma," alimwambia nesi. "Leo njoo usikilize mwenyewe."

"Mama, nina foleni hapa."

"Na mimi nina mjukuu humu tumboni."

Nesi akatoka, kadi mkononi, amekunja uso. Mkoromo ukaendelea, kisha ukakatika ghafla. Kifua hakikupanda. Wenzake wakashusha khanga midomoni, nami nikajikuta nimebana pumzi. Ndipo binti akashtuka, akavuta hewa kama mtu aliyeopolewa mtoni.

"Ndivyo anavyofanya kila usiku," mama mkwe alisema. "Yeye hajui. Ukimuuliza, atakwambia analala vizuri."

Nesi akaleta kipimo. Alimpima binti presha mara mbili, akaandika barua aende kwa daktari hospitalini siku hiyohiyo, kwa kuwa pumzi inakatika usingizini.

"Samahani, nesi, nilisinzia kidogo tu," binti alisema.

Siku hizi mabango kwenye kila ukuta wa ofisi yanatuhimiza kufanya kazi kwa bidii, nami sina ugomvi na hilo, ingawa si kila anayesinzia mchana ni mvivu. Lakini wewe unayelala karibu na mjamzito, kabla hujamcheka anavyokoroma, msikilize anaponyamaza.