Hina na Matope ya Hori

Naikumbuka asubuhi moja ya bamvua, bahari imejaa kupita kawaida, mwanangu, nikiwa mwari wa ndani. Siku zile hapa kwetu Msambweni bibi arusi hakutoka nje. Alisingwa kwa liwa, akapakwa hina, hata jua lisimwone mpaka siku yake. Nami nilikuwa nimekaa mkekani, miguu nimeinyoosha, hina bado mbichi.

Hori hili, mkono huu wa bahari unaotembea kandoni mwake leo, mkaliita bustani ya mji, lilikuwa uwanda mtupu. Mikoko yote ilikuwa imekatwa boriti na kuni. Sisi wasichana tukaotesha miche, tukaizungushia ua wa fito pale ukingoni, tukingojea kuipanda. Watu walitucheka wee! Eti twalima bahari.

Basi asubuhi hiyo nikasikia mayowe: maji yamebomoa ua, miche yaenda! Wallahi sikufikiri mara mbili. Nilitoka mbio na hina yangu, nikaingia matopeni hadi magotini, nikawa nadaka miche na kuididimiza.

Sasa sikiliza balaa. Nageuka, namwona mama wa bwana arusi amesimama ukingoni na wenziwe, wameleta begi la arusi, lenye nguo na mapambo yangu.

"Ndiye mwari wetu huyu?" akauliza. "Basi begi twarudi nalo."

Moyo ulinipasuka, maana mwanawe nilimpenda, sikufichi.

Shangazi yangu, ndiye aliyekuwa kungwi wangu, akaja mbio. Mwanamke mkali yule! Nikajua leo nachapwa mbele za watu. Kumbe! Alijifunga kibwebwe, akaingia majini kando yangu.

"Mwenzangu, hina hupakwa tena," akamwambia yule mama. "Mche ukichukuliwa na maji haurudi. Mwanao amtaka mke wa kutazamwa, au mke asiyeacha kitu kikapotea?"

 Yule mama akalitua begi, akavua viatu.

Nikaolewa na matope ndani ya kucha, wapambe wangu hawana mbavu kwa kucheka. Leo mavyaa wangu, mama yule yule wa begi, haoni vizuri, na kila asubuhi namshika mkono tupite humu kivulini polepole. Wageni wa Diani wakiisifu mikoko, yeye hunitangulia kusema: "Hii kaipanda mke wa mwanangu." Halafu, baada ya hatua mbili: "Na mimi." Mwanangu, hapo kichwa hunivimba, na sioni haya kusema.

Usione vyaelea, vimeundwa. Ukianza jambo la maana, likataka kukuponyoka, usiende kwanza kutafuta nguo za kuchafua. Ingia vivyo hivyo ulivyo, na wanaokuthamini watakufuata. Mchumia juani hulia kivulini, na kivuli chenyewe ndicho hiki umesimama ndani yake.

Mola akujaalie mikono isiyoogopa tope, mwanangu, na akupe mavyaa wa kuvua viatu.