Mstari wa Mama Glory

Jamani, aibu nyingine mtu unaimeza ukajifanya umesahau, lakini hii yangu kuna watu waliirekodi kwenye simu, kwa hiyo bora niiseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Sule, maana Sule wa Unguja akisimulia anatia chumvi mpaka chakula hakiliki. Mimi, Deo wa Morogoro, mnunuzi wa midoli na madaftari pale mtaa wa Yide Lu, niliendesha uchaguzi Guangzhou. Ndiyo, uchaguzi. Wa rais. Na kipaza sauti nilikuwa nacho. Chekeni kwanza mmalize, kwa sababu huko mbele hakuna cha kuchekesha.

Ulikuwa mwaka ule wa misako. Waliokuwepo wanajua: viza haziongezwi, polisi wanasimama kwenye madaraja ya waenda kwa miguu wanadai pasipoti, mtu uliyekunywa naye chai jana leo simu yake haiiti. Waliokwishiwa viza wakawa wanaishi vyumbani, wakitoka wanatoka kwa machale. Na kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyemfundisha mwenzake lakini wote waliijua: ukimwona askari hupigi kelele, hukimbii, husemi "jamani polisi." Unanyanyuka tu kimya, unaondoka kama unakwenda msalani, na wenzako wakikuona wanajua, nao wananyanyuka. Mimi desturi hiyo nilikuwa naisikia kwa mbali. Viza yangu ilikuwa safi, nilikuwa natembea mtaa wetu wa Xiaobei kifua mbele kama nipo kwetu Msamvu, na aliyeshiba ndiyo hivyo tena, hamjui mwenye njaa.

Sasa Mama Glory. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa nguo wa Mwanza, mama wa makamo, mcheshi, Mlutheri wa kwaya, anayekuita "baba" hata kama umri wako ni wa kuzaliwa na yeye. Aliagiza jinzi kiwandani Xintang, wakamshonea zipu mbovu, ukivuta juu inashuka yenyewe (alikuwa anasema, "Nikiuza hizi Mwanza, wanaume watatembea wameshika mbele kama wamebanwa haja"). Akagoma kuzipokea, wakakubali kuzirekebisha, na katika kusubiri zirekebishwe viza yake ikaisha. Mpango wake ulikuwa mmoja: jinzi ziingie kwenye kontena, halafu aende polisi mwenyewe, alipe faini, apande ndege kwa miguu yake, ili kesho na keshokutwa aweze kurudi. Akikamatwa kabla, anakwenda mahabusu, anafungiwa mlango wa China, na jinzi zinabaki mikononi mwa laoban wa Xintang, bosi ambaye alikuwa anamtambua yeye tu kwa sura. Duka zima la Mwanza lilikuwa ndani ya zile jinzi. Sote tulijua hivyo. Mimi nilijua hivyo.

Alikuwa amepanga chumba ghorofa ya nne, na ghorofa ya pili ya jengo hilohilo kulikuwa na mgahawa wa Mkongo mmoja tuliyemwita Papaa, wenye baraza pana linalotazama barabara. Jumapili mchana Mama Glory alikuwa anashuka mara moja, anachukua ugali na samaki kwenye mfuko, anapanda.

Jumapili hiyo pale barazani kulikuwa kumechafuka. Nyumbani uchaguzi ulikuwa unakaribia, na chama chetu kidogo (cha tatu kutoka juu au cha pili kutoka chini, inategemea unaanza kuhesabu wapi) kilikuwa na watia nia watatu wanaogombania kuteuliwa kuwania urais. Vile vyama vikubwa hatukuvijadili kabisa, tulikuwa tumevichoka. Lakini hawa watatu, ndugu zangu, tuliwachambua kama dagaa.

Mimi nilikuwa wa Profesa. Profesa ana vitabu, ana takwimu, akizungumzia ushuru wa bandari unaona kabisa kontena lako linatoka siku hiyohiyo.

"Anatoka lini mwenyewe?" Sule akadakia. "Yule bwana akianza sentensi asubuhi, kitenzi chaja adhuhuri. Mie nampa Wakili. Wakili ana meno!"

"Wakili amehama vyama mara ngapi?" nikamuuliza. "Yule akishinda urais atahamia upinzani."

Watu wakacheka, Sule akakasirika, akasema bora mtu anayehama kuliko mtu anayelala (kweli Profesa aliwahi kupigwa picha amesinzia mkutanoni, lakini mimi nilisema alikuwa anatafakari). Hapo Mama Glory, amesimama na mfuko wake wa samaki, tayari kupanda ngazi, akashindwa kujizuia.

"Nyie wanaume mnashindana midomo," akasema. "Mbona yule mama mkunga hamumtaji? Miaka yote kazini, huyo ndiye pekee kati yao aliyewahi kushika kitu mikononi kikatoka kizima. Na ni yeye peke yake aliyeulizwa redioni habari za watu wetu waliofungwa nchi za nje akasema, wakatembelewe kwanza, lawama baadaye. Profesa wako aliulizwa hilohilo, Deo, akajibu kwamba ni suala mtambuka. Sasa mtu ukiwa mahabusu, suala mtambuka unalila?"

Baraza zima likapiga makofi. Na mimi badala ya kukaa chini nikapandwa na mori wa demokrasia. Nikasema maneno matupu hayajengi, tupige kura. Karatasi? Hapana, tupige ya mistari, kama tulivyozoea vijijini, kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka. Nikabandika majina matatu ukutani, ukuta wa ndani kabisa wa baraza. Nikatoa amri kwamba wote watazame ukutani, marufuku kugeuka, kwa sababu nawajua watu wetu, akiona mstari wa jirani mrefu anahama. Mimi nikabaki nyuma yao kama msimamizi, nimezipa ngazi mgongo, na mkononi nina kile kipaza sauti cha betri ambacho wauza nguo wa soko la Shahe wanakirekodia bei kinaimba chenyewe kutwa nzima. Nilikuwa nimenunua kimoja cha mfano. Siku ya kukijaribu ikawa ndiyo hiyo.

Mlinzi wa jengo, mzee wa Kichina tuliyezoeana naye, alipanda akakinyooshea kidole kile kipaza sauti, akatikisa mkono: "Bu xing! Bu xing!" Yaani haifai, acha. Nikampa sigara, nikacheka naye, akashuka amekunja uso. Baadaye nilielewa kwamba yule mzee alikuwa ananihurumia.

Mistari ikapangwa. Wa Profesa ukajaa, wa Wakili ukajaa, wa mkunga hauna mtu hata mmoja. Makofi yote yale, hakuna mtu! Nikamgeukia Mama Glory, mguu mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi ya kupanda.

"Mama, kura yako."

"Deo baba, niache nipande. Kwangu mimi kura ni kile chumba."

"Dakika mbili tu."

"Niache, mwanangu. Leo moyo hautaki."

Ndipo nikasema neno. Nikalisema na kwenye kipaza sauti, ili watu wacheke: "Unamsifia mgombea halafu humpigii kura! Ndiyo maana wanawake hamuupati huo urais!" Watu wakacheka kweli. Mama Glory akanitazama, akaweka mfuko wa samaki juu ya meza, akaenda kusimama mbele ya jina la mkunga, peke yake, wima, uso ukutani, kama mtoto aliyeadhibiwa darasani.

Nikaanza kuhesabu kwa sauti, barabara nzima inasikia, Wachina wamesimama chini wanatazama juu. Nimefika katikati ya mstari wa Profesa, naona watu wa nyuma wanageuka kwa wizi, wanachomoka. Mmoja. Halafu wawili. Kimya, hakuna anayesema kitu, wanapita mlango wa jikoni kwa Papaa. Sule naye huyo, anapita karibu yangu ananikanyaga mguu makusudi, ananikazia macho, anakwenda zake. Na mimi, kwa akili yangu hii niliyopewa na Mungu, nikafikiri nini? Nikafikiri wanachakachua! Nikafikiri watu wa Wakili wameona wanashindwa, wanavunja mistari ili kura zisihesabike, na watu wa Profesa wamehongwa.

Nikapaza: "Asiondoke mtu! Wanaoondoka ni wachakachuaji! Mama Glory, simama hapohapo, usigeuke! Wewe ndiye mpiga kura halali peke yako hapa!"

Naye akasimama. Aligeuza shingo kidogo, nikaona, halafu akairudisha ukutani, kwa sababu nilimwambia asigeuke. Nyuma yake hapakuwa na mtu wa kumgusa wala wa kumkanyaga mguu. Mistari mingine ilikuwa na migongo na viwiko, watu walipashana habari kwa bega. Wake ulikuwa wa mtu mmoja.

Mkono ukanishika begani. Nikageuka, polisi, na nyuma yake wengine. Mshtuko huo ukanifanya nibonyeze nisichokijua, na kipaza sauti kikaanza kuimba Kichina kwa sauti ya yule dada wa dukani, njooni njooni, bei moja, bei moja, usoni kwa askari, nami nabonyeza hapa kinazidi, nabonyeza pale kinarudia. Chini barabarani watu wakaangua kicheko, simu juu, wanarekodi. Nikakikumbatia tumboni kinyamaze, hakikunyamaza, nikapiga magoti nachokonoa betri kwa kucha mbele ya viatu vya polisi. Ndiyo video yenyewe hiyo. Mkiiona, yule anayechokonoa ni mimi, na yule mama aliyesimama ukutani nyuma yangu ndiye huyo.

Wakadai pasipoti. Yangu wakaitazama, wakanirudishia, wakanipungia mkono niondoke. Hawakuniuliza hata kipaza sauti ni cha nini. Kwa Mama Glory walikaa kidogo tu. Aliwapa pasipoti, akajifunga kanga vizuri juu ya suruali, na alipopita karibu yangu aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Deo, nenda Xintang. Waambie zipu wajaribu moja moja." Samaki wake wakabaki juu ya meza.

Nilikwenda Xintang kesho yake. Laoban alinitazama juu mpaka chini, akasema "mei you," hakuna. Hakuna jinzi, hakuna Mama Glory, hanijui. Nikaenda tena na Sule, tukafukuzwa. Kule mahabusu nilipeleka kandambili na sweta, nikazuiwa mlangoni, sina undugu naye. Hakuna aliyemtembelea kwanza, na lawama zilibaki zote kwangu. Walipomrudisha nyumbani alipita uwanja wa ndege na begi la mkononi tu, na lile duka la Mwanza sasa linauza vifaa vya simu, la mtu mwingine.

Na chama chetu? Hakikuteua mtu. Walikaa kikao, wakasema wanamuunga mkono mgombea wa chama kimoja kikubwa, Profesa na Wakili wakasimama kwenye picha wameshikana mikono, na yule mkunga sikumwona kwenye picha.

Nilipompigia Mama Glory, baada ya kuogopa muda mrefu, nililia kwenye simu kama mtoto. Aliniacha nilie. Halafu akasema, "Haya, msimamizi. Mkunga wangu alipata ngapi?"

"Moja, mama."

"Hiyo haikuibiwa," akasema, na simu ikakatika, sijui ni salio au ni yeye.

Siasa bado nabishana, siwezi kuwadanganya, mdomo ni uleule. Ila kura ya mistari sitaisimamia tena mpaka naingia kaburini, na popote ninapokaa nakaa nimeelekea ngazi. Na nikiona watu wananyanyuka kimyakimya, siulizi kwa nini. Nanyanyuka nami, na kabla ya kuondoka namgusa bega aliye mbele yangu.