Mwisho Alioujua Mwanaidi

Enzi zetu, na wewe uliyekulia Tangini utanielewa, sinema haikuwa sinema bila mtu wa kuielezea. Kibanda umiza chetu kilikuwa na kuta za mabati na mabenchi yaliyochuna mapaja. Kando ya televisheni alikaa Kaka Sudi na kipaza sauti chake, akitutafsiria. Kizungu alikijua kidogo, na palipomshinda alijaza mwenyewe. Majambazi wote wa Ulaya walikuwa na majina ya watu wa mtaani kwetu. Watoto wa siku hizi filamu ikiwachosha dakika mbili wanabadilisha. Sisi tulikaa mpaka umeme ukatike, na ukikatika Kaka Sudi alimalizia kwa mdomo.

Mimi nilikaa na Mwanaidi. Alitoka Mzenga, kule Kisarawe, akaletwa kwa shangazi yake awe karibu na hospitali. Watu wazima walisema ana malaria sugu, nasi tukaamini. Kwenye mchezo wa rede hakuweza kukimbia, basi tukampa kazi ya kuamua nani kapigwa, na hata mimi rafiki yake nilipoguswa kwenye kisigino alinitoa bila haya. Mpira wenyewe ulikuwa wake, wa soksi, kaushona kwa mkono. Na kwa kuwa sote tulinyolewa vipara kwa ajili ya shule, nywele zake ziliponyonyoka hakuna aliyegundua.

Jumamosi moja Kaka Sudi akaweka katuni. Wasichana wawili marafiki, mmoja mgonjwa, kutwa kavaa kofia nyekundu ya sufu. Yule mgonjwa Kaka Sudi alimpa jina la Asha, na mwenzake la Roza. Kofia ilipomvuka, kipara kikaonekana, kibanda kizima kikacheka. Sote tuko hivyo, yeye anaficha nini? Mwanaidi hakucheka. Mwisho Roza alikaa peke yake kwenye benchi, ile kofia mapajani. Kaka Sudi akakohoa kwenye kipaza sauti, kisha akasema, "Asha amekwenda kijijini kwa bibi yake. Atarudi likizo." Tukapiga makofi.

Njiani Mwanaidi akaniambia, "Yule kafa. Kaka Sudi katudanganya."

"Wewe Kizungu umejifunza lini?"

"Sijui Kizungu. Lakini angekwenda kwa bibi yake, si angevaa kofia yake?"

Nilikasirika. Nikamwambia ana uchuro, asinifuate tena. Nikamnunia. Siku nne alipita mlangoni kuniita twende shule, nami nikajifanya natafuta kiatu mpaka akachoka kusubiri. Siku ya tano nilijifanya vilevile, lakini sikusikia akiniita. Nilipofungua mlango nilikuta ule mpira wa soksi kizingitini. Nikajisemea, ananibembeleza tucheze. Nikaona acha anibembeleze zaidi.

Jioni mama akasema, "Mwanaidi kaenda Mzenga kwa bibi yake. Atarudi likizo."

Maneno yaleyale. Mwenzenu nilifurahi. Nikaona likizo akirudi nitamwambia, umeona sasa, watu huwa wanarudi. Nikaufua mpira, nikauweka chini ya kitanda. Likizo ikaja, nikashinda mlangoni. Ikaja nyingine. Rede ilichezwa pale nje kwa mpira wa watu wengine, nami sikutoka. Nikimwamkia shangazi yake, "Shikamoo shangazi, Mwanaidi anakuja lini?" anaitikia marahaba, halafu anavuta khanga usoni na kuingia ndani.

Nilipomaliza darasa la saba ndipo mama aliponiambia, akiwa anachambua mchele, bila kuninyanyulia macho. "Yule mwenzio alifariki mwezi uleule. Ulikuwa mdogo, mwanangu. Tungekuambia nini?" Sikumlaumu. Ndivyo walivyotulea, mtoto hasimuliwi msiba. Lakini sikuwa na wa kulia naye tena, maana wenzangu walishamsahau.

Sasa naishi Mbwawa. Mwezi uliopita binti yangu alikuwa sebuleni na tableti yake, nikaiona ile kofia nyekundu. Nikakaa pembeni yake, mikono ina unga. Katuni ilipofika pale kwenye benchi, mdomo wangu ukasema wenyewe, "Amekwenda kwa bibi yake. Atarudi likizo."

"Mama, amekufa," akasema. "Si wamesema pale hospitali? Kofia alimwachia rafiki yake. Alikuwa anamuaga."

Akafuta machozi kwa mkono wa blauzi, na dakika tano baadaye akauliza kama kuna chipsi. Nawacheka watoto hawa, ila nawaonea wivu pia. Wanaambiwa, wanalia, wanakula, wanalala. Sisi tulifichwa ili tusilie, na mimi kulia naanza sasa, mtu mzima, jikoni, peke yangu.

Maana Mwanaidi naye aliniaga. Aliuacha mpira wake mlangoni kwangu, na mimi nilikuwa ndani, nikijifanya natafuta kiatu.