Nafasi ya Mwenza

Nilistaafu ualimu nikiwa na watu watatu kwenye bima yangu ya afya: mimi mwenyewe, mama yangu mzazi, na mume ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka kumi na sita.

Watoto walikuwa wamekua na majina yao yalikwisha kutoka. Jina la mama niliandikisha mwenyewe, mwaka alipoanza kuugua sukari na presha nikamleta Tinde tuishi naye. La mume lilikuwepo tangu zamani. Alipoenda Geita kuchimba dhahabu na asirudi, sikulifuta. Si kwa upendo. Kulifuta kulitaka barua, nami sikuwa na la kuandika kwenye barua hiyo.

Wiki chache baada ya kustaafu nilikwenda mjini Shinyanga kubadilisha kadi. Binti wa dirishani alinisalimia vizuri, akapokea karatasi zangu, akazipanga.

"Shikamoo mama. Wewe ni mwalimu?"

"Marahaba. Nilikuwa."

"Hongera kwa kustaafu. Sasa hukatwi tena, mama. Ulichochangia kinakutosha, utatibiwa wewe na mwenza wako."

"Na mama yangu?"

Akaangalia kompyuta. "Mzazi alikuwa mtegemezi wako ukiwa kazini. Kwenye kadi ya mstaafu mzazi hayumo. Ni wewe na mwenza."

Nikamwuliza kama naweza kuiacha nafasi ya mwenza, aingie mama. Alinitazama kwa huruma. Nafikiri haikuwa mara yake ya kwanza kuulizwa.

"Hapana, mama. Nafasi ya mwenza ni ya mwenza. Usipomleta, inabaki wazi tu."

Miaka yote ile walikata kwenye mshahara kila mwezi, na mwajiri akaongeza sehemu yake. Nimefundisha asilimia darasa la sita kwa muda mrefu kuliko nilivyokaa na mume, na sikuwahi hata siku moja kukaa nikahesabu nilikuwa nalipia nini hasa. Nilidhani nanunua kitu ambacho mtu unakiweka ndani na kumpa umtakaye. Binti yule alinipa karatasi yenye bei za vifurushi vya wanaojilipia. Nikafuata kidole hadi kwenye umri wa mama, nikaikunja karatasi. Kiinua mgongo kilikuwa kimeshaezeka nyumba. Pensheni nilikuwa naijua.

Niliporudi nikamwambia mama kwamba kuanzia sasa atatumia kitambulisho cha wazee. Akaitikia, "Mhola," kwamba hakuna neno. Tukala ugali.

Tulikwenda kituo cha afya na kitambulisho hicho. Daktari alimpima bila malipo, akaandika dawa. Dirisha la dawa wakasema ya sukari ipo, za presha hazipo, tukanunue nje. Nikanunua. Mwezi uliofuata ya sukari pia haikuwepo. Nikanunua zote mbili. Sikukasirika. Nilikuwa naangalia watu kwenye foleni na kujiambia kwamba ningepaswa kukasirika.

Ndipo mume akapiga simu. Sauti niliitambua kabla hajajitaja.

"Mwalimu, nimesikia umestaafu."

"Ndiyo."

"Naumwa, mwalimu."

Hakuomba kitu. Alikata simu. Nilikaa siku tatu nikifanya kazi zangu, siku ya nne nikachukua cheti cha ndoa kwenye sanduku, nikapanda basi hadi Kahama, nikabadilisha gari kwenda Geita. Mpaka leo sijui vizuri kwa nini nilikwenda. Nafasi ilikuwa wazi, na mimi si mtu wa kuacha kitu kiharibike.

Niliuliza hadi nikafika: anaishi Kalangalala, mjini Geita, vyumba viwili vya kupanga. Mlango ulifunguliwa na mwanamke mwenye umri wa mdogo wangu wa mwisho, kanga kiunoni, mikono ina unga. Alinijua palepale.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Karibu ndani. Yuko."

Mume alikuwa amekaa kitandani, amekonda, na mpira wa mkojo ukitoka chini ya shuka kuingia kwenye mfuko uliofungwa mguuni pa kitanda. Tezi dume. Walikuwa wamemwambia apasuliwe, na miezi ilikuwa imepita akibadilishwa mpira tu, kwa sababu hela ya upasuaji haikuwepo. Mwanamke yule alikuwa anauza chapati asubuhi na wali mchana, na vyote vilikuwa vinaishia kwenye mpira na sindano.

"Sikukuita uje," mume akasema.

"Najua."

"Wachimbaji hatukuwaga na bima, mwalimu. Ukipata, unatumia. Ukikosa, unasubiri."

Nikawaeleza kuhusu kadi. Yule mwanamke aliacha kukanda unga, akasimama akisikiliza. Nilipofika kwenye neno mwenza aliinamisha macho, akarudi kwenye beseni. Tulitafuta ukuta mweupe wa jirani, tukamwegemeza pale, mpiga picha akampiga picha ya pasipoti. Mume aliniuliza kama acheke. Nikamwambia haina haja.

Kadi zilipotoka walikuja wote wawili Tinde, maana hospitali ya rufaa ya Shinyanga ilikuwa imempangia siku. Nilimtandikia mume chumba cha mbele. Mwanamke alilala na mama yangu. Mama haelewi sana Kiswahili chake cha pwani, naye hajui Kisukuma, lakini asubuhi niliwakuta wanapepeta mchele pamoja, mama akimwambia "wabeja" yaani asante, kila anapopokea ungo.

Siku ya upasuaji nilikwenda mimi, kwa sababu kadi ilikuwa na jina langu. Nesi alileta fomu ya ridhaa.

"Wewe ni nani wake?"

"Mke."

Nikasaini. Mume alinitazama akiwa kwenye kitanda cha magurudumu, akafungua mdomo kusema kitu, wakamsukuma. Nilikaa kwenye benchi mpaka jioni. Kuna mama mmoja pembeni yangu alikuwa analia, akanishika bega, akaniambia Mungu atamponya mume wangu. Nikasema amina.

Alitoka salama. Siku ya kuruhusiwa, mhasibu aligonga mhuri kwenye karatasi, akanionyesha nilichotakiwa kuchangia: dawa moja ambayo haikuwemo kwenye orodha ya bima. Nililipa hiyo tu. Niliiangalia jumla ya gharama yenyewe, ile ambayo hatukulipa, nikafikiria vidonge vya mama vingekuwa vya miaka mingapi. Halafu nikaacha kufikiria.

Tuliporudi Tinde, yule mwanamke aliniita uani.

"Dada, samahani. Naomba nikwambie kitu, usinichukie."

"Sema."

"Mama anakata vidonge. Anameza nusu, nusu anaifunga kwenye kona ya kanga. Siku nyingine hamezi kabisa. Nimemwona siku zote hizi nilizolala naye."

Nilikwenda kwa mama. Alikuwa kitandani, macho wazi. Nikafungua mwenyewe kona ya kanga yake. Zilikuwa nusu nyingi, nyeupe na za njano, zimechanganyika na punje za chumvi.

"Mayu, kwa nini?"

Akanijibu kwa Kisukuma kwamba alikuwa ananiwekea, ili mwisho wa mwezi nisihangaike. Alisema kama mtu anayeeleza alipoweka mbegu.

Nilitaka kulia na sikuweza. Nilimpa kidonge kizima na maji, nikasimama pale mpaka alipomeza, nikamwangalia koo.

Mume amepona. Anatembea bila mpira, amerudi Kalangalala, nasikia analinda mitambo ya mtu. Hanipigii simu, nami simpigii. Mimi nimekodisha nusu ya shamba la mpunga, na asubuhi nafundisha watoto wa jirani kusoma. Presha ya mama imeshuka kidogo, sukari inapanda na kushuka.

Mwezi wa pili baada ya wao kuondoka, kondakta wa basi la Kahama alinipigia nije stendi kuchukua mzigo. Ulikuwa boksi dogo limefungwa kwa gundi, limeandikwa namba yangu ya simu. Ndani zilikuwemo dawa za mama, zote mbili, za mwezi mzima. Hakukuwa na barua. Nilikagua tarehe za kuisha, zilikuwa za mbali. Mwezi uliofuata likaja jingine.

Nimempigia yule mwanamke mara moja kushukuru. Kwa nyuma nilisikia mafuta ya chapati yakichemka.

"Anameza, dada?"

"Anameza. Nakaa naye mpaka ameze."

"Haya," akasema. "Ngoja nigeuze, zitaungua."