Mgeni wa Dhamana

Baba alipofariki, serikali ilimpangia mama posho ya kila mwezi, ile ambayo Muscat nzima tukiiita dhamana. Haikuwa nyingi, lakini ilikuwa yake, na mama alikuwa mtu wa kupenda kilicho chake. Alilipa umeme, akanunua mchele na samaki, na ikifika sikukuu hakuna mtoto wa jengo letu la Darsait aliyeondoka mlangoni kwetu mikono mitupu. Hilo la watoto ndilo lililompa raha zaidi. Mjane huonekana mtu wa kupewa tu, naye alitaka kuwa mtoaji.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nikapata kazi ya mapokezi katika kliniki moja ya Ghubra. Mwaka huohuo tukasikia utaratibu umebadilika: mtoto anayefanya kazi na kukaa nyumbani, mshahara wake utahesabiwa katika pato la familia, na dhamana itapunguzwa au kukatwa. Afisa angepita kila nyumba ajionee kwa macho.

Jirani wa mlango wa pili, mwenzake mama tangu Unguja, akaja na nasaha zake.

"Nsikilize, shoga. Siku hiyo mtoto mpeleke kwa mjomba wake, na wala usimtaje. Zulia lako hilo lililotoboka liache lionekane."

"Nishafahamu," mama akaitikia.

Mimi namjua mama. Hakufahamu kitu.

Kwake yeye anayekuja ni mgeni. Hata kama ametumwa kukagua umaskini wako, atakaa wapi? Atakula nini? Asubuhi ya siku yenyewe zulia la jirani huyohuyo likatandikwa sebuleni kwetu, yeye mwenyewe akilibeba upande mmoja huku analalamika. Nyumba ikafukizwa udi mpaka nikapiga chafya. Sinia likajaa katlesi, sambusa, halwa, na mkate wa kumimina uliotoka vizuri kuliko siku zote. Mimi sikupelekwa kwa mjomba wala kwa nani. Nilivalishwa nguo yangu ya Idi nikaambiwa nitakaribisha kahawa.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, Mwarabu mpole, aliyekuja amejiandaa kuona dhiki. Alilitazama zulia, akalitazama sinia, akamtazama mama. Kisha akauliza kwa Kiarabu ni nani anayeisaidia nyumba hii. Kwenye mlango wa jikoni jirani alikuwa amemkazia mama macho.

Mama akanishika mkono akanivuta mbele. Kiarabu chake kilikuwa cha kuungaunga, lakini siku ile kilinyooka.

"Binti yangu huyu," alisema. "Ameajiriwa. Kliniki nzima ile, kila anayeingia lazima aanzie kwake!"

"Yarabi, keshajimaliza," jirani akanong'ona kwa Kiswahili nyuma yangu.

Nilitamani ardhi inimeze, na papo hapo nikajiona mrefu kuliko nilivyopata kuwa maishani. Mama alijua hasa alichokuwa anakipoteza, na bado hakuweza kunificha. Nilimpenda mno siku ile.

Afisa alicheka, akala kipande cha pili cha mkate, akaandika alichopaswa kuandika. Haukupita muda dhamana ikakatwa.

Mshahara uliofuata nilimwekea mama mapajani. Akaurudisha mkononi mwangu.

"Mimi sitaki kupewapewa, mwanangu. Nna haya."

Alisema kwa upole, lakini sikukuu ilikuwa inakaribia, na kila watoto wa jengo walipopita kwenye ngazi yeye aliingia chumbani. Sikuweza kuvumilia kumwona hivyo. Wakati wa dhamana alikuwa akienda benki ya Ruwi mwenyewe, akapanga foleni na wanawake wenziwe, akachukua haki yake bila ya kumwambia mtu ahsante. Nikaagiza benki sehemu ya mshahara wangu ihamie kwenye akaunti yake hiyohiyo kila mwezi, nikamwambia tu kwamba kuna kitu kimeingia.

Alinitazama sana. Mwisho wa mwezi akavaa buibui lake zuri, akajipaka marashi, akaenda.

Aliporudi nilikuwa nimejilaza sebuleni kwa uchovu wa zamu, macho nimeyafumba, mlango uko wazi. Nikamsikia jirani akimdaka kwenye ngazi.

"Makubwa! Serikali imekurejeshea?"

"Serikali yangu mimi iko humu ndani," mama akamjibu. "Hebu teremsha sauti, imelala."